SOMO LA TREKTA: MKONO WA JUU NA UKANDA USIOLIMWA

Mwanachama anapolipia kulimiwa eka mbili, hanunui kelele za injini wala moshi wa dizeli. Ananunua udongo uliogeuzwa sawasawa, kwa kina kimoja, kutoka mpaka hadi mpaka. Chama kikipokea fedha yake na kumpa kitu pungufu ya hicho, kimemdhulumu, hata kama hakuna mtu aliyekusudia kumdhulumu. Somo hili linahusu chuma kimoja kifupi nyuma ya trekta ambacho, kikikaa vibaya, huleta dhuluma ya namna hiyo pasipo mtu kuitambua mpaka mimea ianze kuota.

Chuma hicho ni mkono wa juu, ambao madereva na mafundi huuita toplinki. Makatibu wengi hawajapata kuuangalia kwa makini, kwa kuwa huhesabiwa kuwa ni jambo la dereva peke yake. Hata hivyo, ni Katibu anayeandika hesabu za dizeli, ni Katibu anayepokea malalamiko ya wanachama, na ni Kamati inayoamua kama dereva abaki kazini au aondoke. Asiyejua kazi ya chuma hiki anaweza kuandika hesabu sahihi na bado akatoa hukumu isiyo ya haki.

1. MFANO WA CHAMA KIMOJA

Ichukuliwe mfano wa chama cha msingi chenye trekta moja dogo na plau la diski tatu. Kabla ya masika trekta lililima mashamba ya wanachama mfululizo. Ukitazama kwa juu, mashamba yote yalikuwa meusi, yamegeuzwa, na hapakuwa na mtu aliyenung'unika. Wiki tano baada ya kupanda, mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, alifika ofisini.

"Shikamoo, Mama," alisalimu Katibu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza jambo moja. Mahindi yangu yamesimama kwa milia kama pundamilia. Msitari mmoja kijani, msitari mmoja manjano. Mbegu ni moja, mbolea ni moja, mkono uliopanda ni mmoja. Je, nililipia shamba au nililipia milia?"

Katibu alikwenda shambani akayaona aliyoelezwa. Aliporudi alifungua daftari la dizeli, akagundua jambo jingine: katika mashamba ya mwisho, baada ya mwanachama mmoja kulalamika kwamba kuna sehemu zimeachwa, trekta lilikuwa limetumia dizeli nyingi kuliko ilivyokuwa desturi. Milia shambani na dizeli iliyozidi. Mambo hayo mawili yalitosha kwa wajumbe kadhaa wa Kamati. Dereva alishukiwa kuwa anaruka sehemu za shamba na kuuza mafuta. Mkutano uliitishwa kujadili kumwachisha kazi.

Kabla hukumu haijatolewa, Mwenyekiti alitaka fundi alitazame trekta. Fundi hakuuliza habari za wizi. Aliomba pimamaji, futi ya kupimia na mbao nene. Jibu alilolipata litaelezwa mwishoni mwa somo. Kwanza hapana budi msomaji ajue fundi alikuwa akitafuta nini.

2. POINTI TATU NA KAZI ZAKE

Trekta la kisasa hubeba zana zake kwa kishikio cha pointi tatu. Pointi mbili ziko chini: mkono wa kushoto na mkono wa kulia, ambayo huvuta zana na kuinyanyua. Pointi ya tatu iko juu, katikati, nayo ndiyo mkono wa juu. Mikono ya chini imening'inizwa kwa vyuma viwili vya kunyanyulia vinavyoendeshwa na haidroliki. Kile cha kulia kwa kawaida kina mpini wa kuzungusha, ili kiweze kufupishwa au kurefushwa.

Mfumo huu ni matunda ya kazi ya Harry Ferguson, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1884 katika kaskazini ya Ireland. Kabla yake plau lilikokotwa nyuma ya trekta kama ng'ombe akokotavyo gogo. Plau liliponasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikanyanyuka, na mara nyingine trekta likampindukia dereva. Ferguson aliliunganisha plau na trekta yakawa kama kitu kimoja. Trekta lenye mfumo wake liliingia sokoni mwaka 1936. Mwaka 1939 kampuni ya Ford nchini Marekani ikaanza kutengeneza trekta lenye mfumo huo huo. Na mwaka 1946 trekta dogo la kijivu la Ferguson likaanza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza. Tangu hapo karibu viwanda vyote vya matrekta vimefuata njia hiyo.

Mkono wa juu una kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kuamua mlalo wa zana kutoka mbele kwenda nyuma. Zana huning'inia kwenye pini mbili za chini kama mlango kwenye bawaba. Mkono wa juu ukifupishwa, kichwa cha zana huvutwa kuelekea trekta, na sehemu ya nyuma ya zana huinuka. Ukirefushwa, kichwa husukumwa nyuma, na sehemu ya nyuma hushuka. Kanuni hii ikumbukwe, maana marekebisho yote hutokana nayo: mfupi, nyuma hupanda, mrefu, nyuma hushuka.

Kazi ya pili ni kulinda trekta. Plau linapokata udongo, mzigo hujaribu kulipindua plau lenyewe kuelekea mbele, na mkono wa juu huzuia mpinduko huo kwa kusukuma mwili wa trekta. Msukumo huo husaidia kuizuia pua ya trekta isinyanyuke.

Kazi ya tatu hupatikana katika matrekta mengi, ingawa si yote: mkono wa juu hupeleka habari kwenye haidroliki. Udongo ukiwa mgumu ghafla, msukumo wa mkono huongezeka, nayo haidroliki huliinua plau kidogo, ukilainika, hulishusha. Kwa sababu hiyo trekta jepesi huweza kulima kazi ambayo zamani ilihitaji trekta zito.

3. MKONO WENYEWE ULIVYO

Mkono wa juu una sehemu tatu: bomba la katikati na vichwa viwili vyenye nyuzi kama za skrubu. Nyuzi za kichwa kimoja zimekatwa kuelekea kulia, na za kichwa cha pili kuelekea kushoto. Kwa sababu hiyo, bomba likizungushwa upande mmoja vichwa vyote viwili huingia ndani, na likizungushwa upande wa pili vyote viwili hutoka nje. Nati ya kufungia hukazwa baada ya marekebisho ili mtikisiko usilizungushe bomba lenyewe.

Pini zake zina vipimo maalumu. Katika matrekta madogo, ambayo mikono yake ni ya daraja la kwanza, pini ya juu ina unene wa milimita 19 na pini za chini milimita 22. Katika daraja la pili, la matrekta makubwa zaidi, pini ya juu ni milimita 25 na za chini milimita 28. Pini ya milimita 19 ikiingizwa kwenye tundu la milimita 25, mkono hucheza, tundu hulika, na vipimo vyote hupotea. Kibaya zaidi ni desturi ya kuweka kipande cha nondo au bolti yoyote iliyookotwa mahali pa pini iliyopotea. Pini halali imetengenezwa kwa chuma kigumu. Nondo hupinda, na hukatika siku ambayo mzigo ni mkubwa kuliko siku zote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. KABLA YA KUGUSA SPANA

Mambo yafuatayo yatimizwe kila mara, hata kama kazi ni ya dakika mbili.

(a) Trekta lisimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, injini izimwe na ufunguo utolewe.

(b) Plau lishushwe mpaka liguse ardhi. Mtu yeyote asiingize mguu wala mkono chini ya zana iliyoshikiliwa na haidroliki peke yake. Mpira wa mafuta ukipasuka, au mtoto akigusa kishikio, zana hushuka bila kuonya.

(c) Watu wasiohusika, hasa watoto ambao hupenda kulizunguka trekta, waondolewe.

(d) Nyuzi za mkono wa juu zisafishwe kwa brashi na kupakwa grisi. Mkono uliokauka kwa kutu haurekebishiki. Dereva huuacha ulivyo, na huo ndio mwanzo wa ukanda usiolimwa.

5. HATUA ZA KUREKEBISHA

Kwanza, zana ifungwe kwa utaratibu. Dereva arudi nyuma taratibu, afunge mkono wa kushoto, kisha wa kulia ambao mpini wake husaidia kuupandisha au kuushusha, na mwisho mkono wa juu. Kila pini iwekewe kipini chake cha usalama. Wakati wa kufungua, mkono wa juu hutangulia kutolewa.

Pili, trekta liwekwe katika hali ya shambani. Wakati wa kulima kwa plau la diski la kawaida, magurudumu ya kulia hutembea ndani ya mfuo na ya kushoto juu ya ardhi isiyolimwa. Kwa hiyo trekta hulalia kulia. Kama kina kinachotakiwa ni sentimita 20, magurudumu ya kushoto yapandishwe juu ya mbao imara zenye unene wa sentimita 20, na mawe au kabari ziwekwe kuyazuia. Hapo trekta litakuwa limelala kama litakavyolala shambani, nayo ardhi ambayo plau limeshushiwa itakuwa mfano wa sakafu ya mfuo.

Tatu, plau lisawazishwe kutoka kushoto kwenda kulia. Kazi hii si ya mkono wa juu. Hufanywa kwa mpini wa chuma cha kunyanyulia cha kulia, ambacho hufupishwa mpaka fremu ya plau ilingane na ardhi. Pimamaji iwekwe juu ya fremu, kukingama na mwelekeo wa trekta, ili kuthibitisha.

Nne, ndipo mkono wa juu urekebishwe. Pimamaji iwekwe kufuata urefu wa trekta. Bomba lizungushwe mpaka diski ya mbele na diski ya nyuma ziguse ardhi kwa pamoja. Diski ya mbele ikiwa hewani, mkono ufupishwe. Ya nyuma ikiwa hewani, urefushwe. Nati ya kufungia ikazwe.

Tano, nyuzi zinazoonekana pande zote mbili za bomba ziangaliwe. Zilingane. Mkono usirefushwe kupita alama ya mwisho iliyowekwa na kiwanda, kwa sababu nyuzi chache zilizobaki ndani ya bomba hazitahimili mzigo na zitang'oka. Mkono ukifika mwisho kabla plau halijalingana, basi kuna kosa jingine: huenda mkono ni wa trekta jingine, au umefungwa kwenye tundu lisilo lake.

Sita, jaribio lifanyike shambani. Dereva alime mizunguko miwili mirefu, asimame, ashuke na kupima. Marekebisho ya shambani ni madogo. Nusu mzunguko au mzunguko mmoja wa bomba hutosha kwa kila mara, kisha apime tena. Anayezungusha mara nne kwa pupa huvuka mahali palipo sahihi na kuanza upya.

6. KUSOMA SHAMBA

Shamba lenyewe humweleza dereva, na humweleza Katibu pia, iwapo anajua kulisoma.

Dalili za mkono mrefu mno: diski ya mbele inakata juu juu au inaelea, ya nyuma inachimba sana. Hapa ndipo penye hila. Udongo unaotupwa na diski inayofuata huufunika ukanda ambao diski ya mbele haikuukata. Kwa macho shamba limelimwa. Chini ya vumbi ni ardhi ngumu kama ilivyokuwa. Mzizi wa mhindi ukifika hapo huenda kando badala ya kushuka, na maji ya mvua hayaingii.

Dalili za mkono mfupi mno: diski ya mbele inazama kupita kiasi, ya nyuma inaelea, na gurudumu la nyuma la plau linazunguka hewani au halishiki sakafu ya mfuo. Trekta huyumba na injini hulalamika.

Dalili ambazo si za mkono wa juu: kama upande mmoja wa plau uko chini kuliko mwingine, tatizo liko kwenye chuma cha kunyanyulia cha kulia. Kama plau linavuta trekta kando, yaangaliwe gurudumu la nyuma la plau na minyororo inayozuia mikono ya chini isiyumbe. Kama plau limelingana vizuri lakini halizami kwenye udongo mkavu wa mbuga, yatazamwe ukali wa diski, uzito wa plau na mwinamo wa diski. Diski zikisimama wima zaidi huzama kwa urahisi zaidi. Kosa la madereva wengi ni kuufupisha mkono wa juu kwa nguvu ili kulazimisha plau kuzama. Diski ya mbele huzama kweli, lakini ya nyuma huacha kazi.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Fimbo nyembamba yenye alama ya sentimita ishindiliwe wima katika udongo uliolimwa, ikikatiza mifuo, kila baada ya sentimita 10, kwa urefu wa mita moja na nusu. Kina kikiwa 20, 19, 21, 20, kazi ni njema. Kikiwa 20, 22, 6, 21, 22, 5, ukanda usiolimwa umepatikana. Kazi hii haihitaji fundi. Katibu aweza kuifanya, na mwanachama mwenyewe pia.

7. ZANA NYINGINE

Kila zana ina urefu wake wa mkono wa juu. Haro ya diski inayobebwa na trekta hutakiwa kulala sawa, ili safu ya mbele na ya nyuma zikate kina kimoja. Safu ya mbele ikizama mno mkono urefushwe, ya nyuma ikizama mno ufupishwe. Plau la mapezi hutakiwa kulala sawa pia. Mkono ukiwa mrefu mno ncha za plau hukataa kuingia na kisigino hukwaruza, ukiwa mfupi mno ncha huchimba na kulika mapema. Tindo la kupasua tabaka gumu hutakiwa kusimama kama kiwanda kilivyoagiza, na fremu yake kulala sawa.

Kutokana na hayo, kubadilisha zana bila kurekebisha mkono wa juu ni kosa. Dereva mwangalifu hupima urefu wa mkono kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, kwa kila zana, na kuuandika kwa rangi kwenye fremu ya zana yenyewe. Kesho yake hana haja ya kuanza upya. Huuweka mkono katika kipimo kilichoandikwa, kisha hukamilisha shambani.

8. HESABU YA HASARA

Katibu hujua zaidi kwa tarakimu. Basi na zitazamwe tarakimu. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Plau la diski tatu, kila diski ikikata sentimita 25, hulima upana wa sentimita 75. Ili kumaliza eka moja trekta hutembea mita 5,396, bila kuhesabu kugeuza.

Iwapo diski ya mbele inaelea na dereva haoni, theluthi moja ya shamba haikulimwa. Mwanachama aliyelipia eka mbili amepata eka moja na theluthi.

Iwapo dereva ameona na anajitahidi asiache ukanda, itambidi asogee sentimita 50 tu kwa kila mzunguko. Sasa trekta hutembea mita 8,094 kwa eka, yaani karibu mita 2,700 zaidi. Kwa eka 100 ni kilomita 270 za ziada, umbali unaozidi kidogo ule wa barabara kutoka Morogoro hadi Dodoma, plau likiwa ardhini muda wote. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, hizo ni saa 54, karibu siku 7 za kazi za saa nane. Dizeli ya siku hizo hailipiwi na mwanachama yeyote. Hulipiwa na chama. Na mwanachama aliye mwisho wa orodha husubiri siku saba zaidi, ilhali mvua haimsubiri.

9. ONYO KUBWA: MNYORORO

Liko jambo moja ambalo Kamati yapaswa kulipiga marufuku kwa maandishi. Trekta likiombwa kung'oa kisiki, kuvuta gogo au kulikwamua lori matopeni, dereva asiye na mafunzo huweza kufunga mnyororo kwenye tundu la mkono wa juu, kwa kuwa liko karibu na lina nguvu. Asifanye hivyo hata mara moja. Mahali hapo ni juu ya ekseli ya nyuma. Mzigo ukikataa, magurudumu hayawezi kusonga mbele, na trekta zima huanza kuzunguka juu ya ekseli yake: pua hupanda, kisha hupinduka kinyumenyume juu ya dereva. Hutokea kwa muda mfupi mno kiasi kwamba hawahi kukanyaga klachi.

Mnyororo hufungwa kwenye chuma cha kukokotea tu, kilicho chini ya ekseli. Kama hakipo, kazi hiyo haifanywi. Trekta lenye fremu ya kumkinga dereva lisiondolewe fremu hiyo kwa kisingizio cha matawi ya miti, na mkanda wake ufungwe. Lori lililokwama litapata njia nyingine ya kutoka. Mtu aliyelaliwa na trekta hana njia nyingine.

10. WAJIBU WA KATIBU NA KAMATI

Mkono wa juu, pini zake na vipini vya usalama viandikwe katika daftari la mali, kila kimoja kwa idadi yake. Trekta likivuta tela, mkono usiachwe ukining'inia. Ama ufungwe kwenye ndoano yake, ama urudishwe ghalani kwa sahihi. Pini za akiba mbili na vipini sita viwepo ghalani kabla ya msimu kuanza. Gharama yake ni ndogo kuliko ya siku moja ya trekta kusimama.

Daftari la kazi za trekta liongezewe nafasi mbili: kina kilichopimwa mahali patano katika shamba, na sahihi ya mwanachama aliyeshuhudia. Mwanachama akiweka sahihi baada ya kuiona fimbo ikizama, hatakuwa na sababu ya kulalamika baada ya wiki tano. Na kama fimbo haikuzama, dereva hurekebisha papo hapo, plau likiwa bado shambani.

Mwisho, dereva afundishwe. Chama hakimkabidhi mweka hazina fedha bila kumwonyesha leja. Vivyo hivyo kisimkabidhi dereva trekta bila kumwonyesha jinsi ya kulipima plau.

11. JIBU LA FUNDI

Sasa yarejewe ya chama kile. Fundi aliyaweka magurudumu ya kushoto juu ya mbao, akalishusha plau, akaweka pimamaji. Diski ya nyuma iliegemea ardhi. Chini ya diski ya mbele kiganja cha mkono kilipita. Mkono wa juu ulikuwa bado katika urefu uliowekwa kwa ajili ya haro. Nati ya kufungia ilikuwa imeshikwa na kutu, na pini ya juu ilikuwa kipande cha nondo kilichopinda.

Mwenyekiti alimwuliza dereva kwa nini hakurekebisha.

"Ndugu Mwenyekiti," alijibu, "nilikabidhiwa trekta likiwa hivyo hivyo. Pini niliomba mara mbili, nikaambiwa fedha hakuna. Wanachama walipolalamika nikawa nabana mizunguko ili nisiache sehemu. Kupima sikufundishwa."

Daftari la maombi lilifunguliwa, na maombi mawili ya pini yakaonekana, yote bila jibu. Katibu aliyasoma mbele ya Kamati kwa sauti, ingawa mwandiko uliokuwa kando yake, "isubiri", ulikuwa wake mwenyewe. Dizeli ilihesabiwa upya kwa kufuata upana wa sentimita 50, nayo ikakubaliana na daftari. Hapakuwa na wizi. Dereva alibaki kazini. Yule mama alirudishiwa theluthi ya fedha aliyolipa. Mavuno yake hayakuweza kurudishwa.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA MKUTANO

1. Mkono wa juu ukirefushwa, sehemu gani ya plau hushuka? Elezeni kwa mfano wa bawaba ya mlango.

2. Kwa nini ukanda usiolimwa hauonekani mara baada ya kulima? Mwanachama atautambuaje siku hiyo hiyo?

3. Plau la diski nne, kila diski ikikata sentimita 25, hutembea mita ngapi kumaliza eka moja? Diski moja ikielea na dereva akibana mizunguko, zitakuwa mita ngapi?

4. Nani katika chama chenu mwenye wajibu wa kuhakikisha pini za akiba zipo? Jina lake limeandikwa wapi?

5. Je, dereva wenu anajua mahali pa kufunga mnyororo? Aonyeshe mbele ya wanachama, trekta likiwa limezimwa.

6. Katika mfano uliotolewa, makosa ya dereva yalikuwa yapi, ya Katibu yapi, na ya Kamati yapi? Theluthi ya fedha ilitosha kumfidia yule mama?